Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti

Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu huamuliwa kwenye matope ya mikoko, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mkata mikoko akirudi na mashua yake huipanga miti kwa unene, na kila unene una jina na kazi yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fito na pau huishia kwenye kuta za udongo na mapaa ya makuti. Boriti, yenye unene wa sentimita 12 hivi, ndiyo ya kubeba dari ya mawe. Ni mti mgumu, mzito, usioliwa na mchwa kwa urahisi, lakini una kikomo. Ukiutaka ubebe sakafu ya mawe na chokaa bila kupinda, hauvuki mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na mafundi wengi waliishia mita mbili na nusu au zaidi kidogo.

Kwa hiyo tajiri wa Lamu wa karne ya 18, mwenye majahazi baharini na mashamba upande wa bara, aliweza kuagiza sahani kutoka China na vitambaa kutoka Bara Hindi, lakini chumba chake kilikuwa na upana uleule wa chumba cha jirani asiyefikia nusu ya mali yake. Hata ng'ambo sharti lilikuwa hilohilo. Boriti za Lamu na za delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Oman, Bahrain, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba, ambako mti wa kujengea ni adimu, na vyumba vya nyumba za zamani za huko navyo ni vyembamba kwa sababu hiyo. Kwa upande wa Lamu, biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982.

Siku hizi tukitajiwa nyumba ya kibunifu tunaonyeshwa picha ya jumba lenye ukuta wa kioo, paa lililokatwa mshazari na ngazi isiyoonekana imeshikwa na nini. Sina ugomvi na majumba hayo. Lakini anayetaka kuona akili ya mjenzi ikifanya kazi chini ya sharti gumu na kulimudu, aende Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe ni za karne ya 18. Mji wenyewe ni wa hekta 16 tu hivi, na UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Majina ya waliobuni nyumba zake hayakuandikwa popote. Zilizobaki ni kuta, na kuta zinatosha kutuonyesha walivyofikiri.

Swali lao lilikuwa hili: ukiwa na vyumba vyembamba tu, utajengaje nyumba yenye heshima? Walilijibu kwa kukirefusha chumba badala ya kukipanua, kisha wakapanga vyumba hivyo virefu sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Mpango huo unasikika kuwa wa kawaida mno mpaka uingie na kuona umefanya nini.

Nje hakuna cha kutazama. Kuta ni ndefu na tupu, hazina madirisha ya kuchungulia, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Kilichoachiwa njia ni mlango na daka, yaani kibaraza kilichoingizwa ukutani chenye viti vya mawe kulia na kushoto. Daka ni la mwenye nyumba, lakini mtaa nao una haki yake hapo. Alasiri mwenyeji hukaa, akaamkiwa na wapitao, akamaliza biashara ndogondogo, akaletewa kahawa. Asiye na haja ya kuingia ndani anakirimiwa papo hapo, akaondoka ameheshimiwa, wala haimpitikii kwamba kuna mlango aliofungiwa.

Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na hapo njia inakata kona. Hata mlango wa nje ukisahauliwa wazi mchana kutwa, mpita njia ataona ukuta tu. Karibu na hapo katika nyumba nyingi ndipo ngazi zinapoanzia, na penye ngazi huwa na sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alilazimika kungoja kusi imrudishe kwao, na kungoja huko kulikuwa kwa miezi. Sabule ilimpa pa kulala, pa kuweka bidhaa na pa kuzungumza na mwenyeji wake, naye akaingia na kutoka msimu mzima bila kupita mbele ya mke wa mtu.

Baada ya tekani ni kiwanda. Kwa neno hilo watu wa Lamu wanakusudia ua wa ndani ulio wazi juu, wenye kuta ndefu zilizopakwa chokaa nyeupe. Mwanga wa nyumba karibu wote huingilia hapa. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo huangukia sakafu ya kiwanda na kurudishwa na weupe wa kuta hadi vyumbani likiwa limekwisha kupoa. Miale yenyewe haifiki mahali watu walipokaa.

Vyumba ndivyo vinavyofuata. Kwanza msana wa tini, yaani wa chini, nyuma yake msana wa yuu, yaani wa juu, nyuma yake tena ndani, ambacho ndicho chumba cha wenye nyumba. Kila kimoja kinakwenda kutoka ukuta huu wa nyumba mpaka ule wa pili, na hakuna kinachozidi upana wa boriti. Katika nyumba nyingi misana hufunguka upande wa kaskazini, na kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Lamu, aliyekaa msanani akiutazama ua ameelekea kibla. Hakuna ushoroba wa pembeni. Kufika ndani ni lazima upite msana wa kwanza na wa pili. Sakafu nayo inapanda: kidato kati ya ua na msana wa tini, kidato kingine kuingia msana wa yuu. Mwanga unapungua hatua kwa hatua, sauti za njiani zinafifia, na joto la mchana linabaki nyuma yako.

Mjenzi alikuwa na njia nyingine. Angeweza kuvizungusha vyumba kandokando ya ua, kila kimoja na mlango wake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kiarabu na kama zilivyokuja kujengwa nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja. Hapo kila chumba kingekuwa sawa na mwenzake mbele ya macho ya aliyesimama uani. Kwa kuvipanga kimoja nyuma ya kingine, alipata daraja za ukaribu bila kuongeza ukuta wala mlango. Jirani wa kike hukaribishwa msana wa tini. Shoga wa siku zote hupanda kidato cha pili. Ndani ni kwa wa damu. Hakuna anayehitaji kuambiwa aishie wapi, kwa sababu kila kidato kinamwonyesha mahali pake, na mwenye nyumba haaibiki kwa kumzuia mtu.

Nyuma ya ndani kuna nyumba kati, chumba kidogo chenye giza kuliko vyote. Vyumba hivi viwili vya mwisho ndivyo vilivyobeba mambo mazito ya ukoo: humo mtoto alizaliwa, mjane akakaa eda, na maiti akaoshwa. Nyumba ya Lamu haikuyapeleka mambo hayo kwingine. Iliyatengea mahali pake tangu mchoro wa kwanza, na mahali hapo pakawekwa mbali kabisa na mlango wa njiani.

Mpango huu haukubuniwa mara moja. Ukienda Songo Mnara, kusini mwa Kilwa, au Gedi karibu na Malindi, miji iliyostawi katika karne za 14 na 15, utaona babu zake: ua ulioshushwa chini, vidato vya kupandia, chumba kirefu kinachoutazama ua, kisha vyumba vingine nyuma yake. Huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, nyumba za watu binafsi zina vyoo vyake vya ndani na ghala zilizofichwa nyuma kabisa. Mafundi wa Lamu walikuwa na miaka mia tatu au zaidi ya majaribio ya wenzao. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyezipima nyumba za Lamu na kuchapisha kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1975, alizikuta zikiufuata mpango uleule nyumba hadi nyumba, ingawa viwanja vimepinda na kubanana, na hakuna viwili vinavyofanana.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mwenye kiwanja cha mraba kamili hana kazi kubwa. Kiwanja cha Mkomani kina kona iliyoliwa na jirani, upande mmoja umeegemea ukuta wa watu, na njia inapita pale ambapo ungependa kuweka choo. Fundi alivuta ukuta huku, akaukunja kule, akakaza unene wake mahali ili chumba kionekane kimenyooka, na aliyeketi ndani hajui kwamba nyumba imekaa upogo. Milango nayo ilipangwa isitazamane na ya jirani wa ng'ambo ya kichochoro.

Kwa joto, nyumba inategemea unene wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe, karibu nusu mita, na dari iko juu sana ya kichwa. Jiwe hilo lina vitundu vingi. Hupokea joto polepole mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati watu wamekwisha kupanda juu ya paa kupunga upepo. Jiko pia liko juu, kidari cha meko, ili moshi na joto vitokee hewani badala ya kuzunguka vyumbani. Vichochoro vyembamba vinazitia kuta kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Hakuna mashine hata moja katika mpango huu, wala kitu cha kuharibika isipokuwa makuti ya paani, ambayo hubadilishwa.

Choo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kipo ng'ambo ya vyumba vya wenyewe, kimepakwa chokaa laini toka sakafu hadi dari, na kwenye pembe yake kuna birika la maji lililojengwa pamoja na ukuta. Maji yaliyosimama huzaa mbu, na kila mtu wa pwani analijua hilo. Basi ndani ya birika waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji hayo yalitekwa kila siku kwa udhu na kuoga, na yalikuwa yakipungua kabla ya kujazwa tena. Kwa hiyo chini ya birika fundi alizika bakuli la kauri ya China, likabaki mdomo wake sawasawa na sakafu ya birika. Maji yakiteremka mpaka mwisho, samaki wana bakuli lao. Bakuli lilikuwa la thamani, na lingeweza kukaa ukutani likasifiwa na wageni. Limewekwa mahali ambapo mgeni halioni, lifanye kazi ya kuwaokoa samaki wawili watatu ambao nao kazi yao ni kuwaokoa watoto na homa.

Jambo la pili la kutazama kwa karibu ni zidaka. Katika nyumba za wenye uwezo, ukuta wa ndani unaotazamana na ua umejaa vidirisha visivyotoboka, safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na tao lake lenye mikunjo, na kati ya safu na safu kuna mikanda ya nakshi: majani, mafundo, msokoto wa kamba. Humo mlipangwa vyombo vya kauri, vitabu, chetezo. Watu waliamini pia kwamba vyombo vile vinavyong'ara hulinda chumba na jicho baya. Lakini zidaka zina kazi nyingine. Chumba ni chembamba, mita mbili na nusu, na ukuta mtupu kwa umbali huo ungemkaba aliyeketi. Ukuta wa zidaka hauishii mahali pamoja. Jicho linaingia kwenye tao moja, linatoka, linaingia jingine, na kivuli cha kila kitundu kinausogeza ukuta nyuma kidogo. Na kwa kuwa mwanga unatokea mbele tu, toka kiwandani kupitia misana miwili, kila ukingo una upande mweupe na upande wa kivuli. Ukimulika chumba hicho kwa taa kali ya umeme, nusu ya ufundi inapotea.

Nakshi hizo ni za chokaa. Ufundi wa chokaa ndio uti wa mgongo wa nyumba hizi, na hauharakishwi. Tanuri la zamani la pwani halina kuta: magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu yake, moto ukawashwa katikati ukaachwa uwake. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ukaa iliyofungwa ndani yake na kubaki vumbi jeupe lenye ukali wa kuunguza ngozi. Vumbi hilo hutiwa maji, au huachwa nje linyeshewe, kisha hulazwa kwa miezi. Kadiri linavyolala ndivyo linavyolainika na kushika vizuri. Likishapakwa ukutani huanza safari ya kurudi: hunyonya hewa ukaa toka hewani siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka liwe jiwe tena. Ukuta wa Lamu wa miaka 200 umekazana kuliko siku ulipopakwa.

Jiwe la kujengea nalo lina tabia mbili, na mafundi walizitumia zote. La ukutani lilichimbwa nchi kavu, sehemu kubwa kisiwani Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Ni jiwe kavu, lenye ncha, linaloshikana vyema na chokaa. La nakshi lilitolewa baharini lingali bichi. Jiwe hilo likiwa na maji huchongeka kwa tezo kama mti, na likikauka hugumu. Kwa hiyo kuna muda wa kulichonga, na muda huo ukipita umepita. Fundi alitakiwa ajue atalitia wapi kabla hajalitoa majini.

Sakafu ya ghorofani ilikuwa kazi ya watu wengi. Boriti zilipangwa karibu karibu, juu yake vipande bapa vya mawe, na juu yake zege la chokaa na kokoto. Zege hilo halikuachwa likauke lenyewe. Lilishindiliwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku, watu wakiwa wamejipanga safu, wakipiga kwa mwendo mmoja na nyimbo zikiwashika pamoja. Nafasi yoyote ya hewa iliyobaki ndani yake ndiyo ingepitisha maji ya masika. Mwishoni juu ya kuta za vyumba vya heshima ikapakwa niru, chokaa laini iliyosuguliwa mpaka ikang'aa kama ganda la yai.

Nyumba hizi hazikukamilika siku moja, na hazikukusudiwa zikamilike. Baba mwenye uwezo alimpa bintiye nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Mwenye mabinti wawili au watatu na kiwanja kimoja alijenga kwenda juu: ghorofa ikaongezwa juu ya ghorofa, kila moja na ua wake, misana yake, ndani yake na choo chake, mpango uleule ukirudiwa angani. Pakiwa pamekosekana nafasi kabisa, walivuka njia. Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kimeegemea nyumba mbili, na kwa chini yake watu na punda wanaendelea kupita. Dada wawili waliokaa pande mbili za njia waliweza kutembeleana bila kushuka wala kujifunika. Ukiwa chini unaona tao na kivuli cha kupumzikia. Juu ya kichwa chako pana watu wanaishi. Kuta za chini ilibidi ziwe zimejengwa kwa unene wa kubeba mabinti ambao hawajazaliwa.

Hata hivyo, huwezi kuisifu nyumba ya Lamu ukanyamaza juu ya waliobeba mawe yake. Karne ya 18 na ya 19 Lamu ilikuwa mji wa watumwa na mabwana. Matumbawe yalivunjwa, magogo ya tanuri yakakatwa na zege likashindiliwa kwa mikono ya watu wengi ambao hawakuwa na hiari, na katika nyumba za ghorofa wao ndio waliolala chini pamoja na shehena, huku wenye nyumba wakiishi juu kwenye upepo. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Daraja zile za ukaribu nilizozisifu zilikuwa pia daraja za watu, na kidato kilichomwambia mgeni aishie wapi kilimwambia mtumwa pia. Mwanamke mwungwana naye, aliyekuwa mmiliki wa nyumba hiyo, alikaa ndani yake kwa sheria kali ya tabaka lake. Kuta zilimpa mali, na kuta hizohizo zikampunguzia dunia. Ufundi ni wa kweli, na haya nayo ni ya kweli. Anayeutazama mpango wa nyumba hiyo kwa makini anayaona yote mawili kwenye mistari ileile.

Leo nyumba hizi zinaponzwa zaidi na saruji kuliko na bahari. Plasta ya saruji ni rahisi, inauzwa dukani, inakauka kesho. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua: unyevu unaopanda toka ardhini hutokea nje kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi yake, ukatafuta njia, ukalibandua jiwe nyuma ya plasta ambayo bado inaonekana nzima. Boriti zilizoingia ukutani huoza vichwa vyake kwanza, pale zilipoegemea, mahali ambapo huzioni. Baada ya miaka michache mwenye nyumba analaumu uzee wa nyumba, ilhali kilichoiua ni dawa aliyoipaka.

Upande wa pili kuna hoteli na nyumba za likizo, hasa katika kijiji jirani cha Shela, zinazojengwa kwa sura ya kale. Baadhi zimejengwa vizuri sana. Nyingine zimechukua zidaka na kuziacha sababu zake: ukuta wa zidaka umewekwa mkabala wa dirisha kubwa la kioo, mwanga umejaa pande zote, na chumba kina upana wa mita sita kwa nguvu ya nondo. Vidirisha vile vimebaki pambo. Sisemi mtu asijenge kwa nondo. Nasema fundi wa kale, angepewa nondo, angefikiri upya tangu mlangoni: chumba kikiwa kipana namna hii, mgeni ataishia wapi, mwanga utapoea wapi, mama mzazi atalala wapi? Nyumba nyingi tunazojenga Mombasa, Dar es Salaam na Unguja sasa hivi haziulizi hata swali moja kati ya hayo. Sebule inafunguka moja kwa moja mbele ya geti, jua la saa tisa linaingia hadi kwenye makochi, kisha tunanunua pazia nzito na kiyoyozi ili kuyatibu yale ambayo mchoro ungeyazuia bure.

Aliye na nafasi aende akaione Nyumba ya Kiswahili inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Lamu, ya karne ya 18, yenye misana yake na zidaka zake. Achukue futi ya kupimia. Apime upana wa msana, kimo cha kidato, unene wa ukuta. Vipimo hivyo vina mafunzo kuliko picha.

Lakini kuzuru na kusifu hakutoshi. Fundi wa chokaa hulipwa kwa siku, na chokaa hula siku nyingi: kuchoma, kulaza, kupaka tabaka, kungoja, kusugua. Mwenye nyumba wa Mkomani anayechagua saruji hajakosa mapenzi na nyumba ya bibi yake. Amepiga hesabu ya fedha aliyo nayo. Wanaofaidi sura ya mji huo ni wengi, toka hoteli hadi waandishi wa magazeti kama mimi, na gharama ya kuutunza wameachiwa wachache wanaolala ndani yake. Serikali ya kaunti na wenye hoteli wakilipia tofauti ya bei kati ya mfuko wa saruji na siku za fundi wa chokaa, vijana watapata sababu ya kujifunza kazi hiyo kwa wazee wanaoijua. Wasipolipia, sifa zote nilizozitoa hapa hazitakandika hata shubiri moja ya ukuta.